Kisipotee Kitu

Kilichomshtua Mama Mluzi mchana ule hakikuwa sauti ya marehemu mwanawe. Hiyo alikwisha kuizoea. Kila alipokaa kushona, spika iliyokuwa dirishani ilijichagulia nyimbo yenyewe, na mara moja moja ilimchagua Mluzi, naye mama aliyaacha machozi yashuke yanavyotaka huku mkono ukiendelea na pindo, kwa sababu mwenye nguo yake hataki kusikia habari za msiba wako. Kilichomshtua ni cherehani. Aliondoa mguu kwenye kanyagio abadilishe uzi, na cherehani ikaendelea kulia.

Akaitazama sindano, imetulia. Akalitazama gurudumu, limetulia. Mlio ulikuwa unatoka kwenye spika, nyuma ya wimbo, kwa mbali, jinsi unavyosikia mtu akishona chumba cha pili. Kwanza mvumo wa mota, kisha kile kimlio chembamba ambacho mashine yake hutoa uzi wa chini ukikaribia kuisha. Ilikuwa cherehani yake hii hii ya umeme. Na cherehani hii ilinunuliwa baada ya mazishi. Ile aliyoijua Mluzi ilikuwa ya kukanyaga, yenye kelele za kuwaambia majirani wote kwamba leo kuna kazi.

Sasa niambie wewe: mtoto aliyelala kaburini alirekodi wapi wimbo wenye cherehani ambayo hakuwahi kuiona?

Usijibu haraka. Kwanza ujue nyumba yenyewe. Baba alikuwa dereva wa gari la mikate, anatoka alfajiri na kurudi alasiri akinukia kiwanda. Mama alikuwa fundi wa nguo, akishonea nyumbani. Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza alipachikwa jina la Mluzi kwa kuwa alipiga mluzi kabla hajajua kusema vizuri. Wa pili, msichana, walimwita Kasuku, na jina lilimkaa barabara: anakula anaongea, anaoga anaongea, na ukimkataza kuongea ataongea juu ya kukatazwa. Halafu kulikuwa na kaka yake mama, Mjomba Waya, fundi wa kompyuta, ambaye mifuko yake haikukosa waya hata siku ya harusi yake.

Mjomba ndiye aliyewaletea kisanduku. Kilikuwa kidubwasha cheusi, ukubwa wake kama mkate, kimewekwa kwenye rafu ya korido juu ya viatu, na ndani yake zilikaa nyimbo zote za nyumba ile. Kila mtu alikuwa na folda yake na laptopu yake, na kila laptopu ilipofunguliwa iliongea na kisanduku: kilichoingia katika moja, nyingine zote zinakipata. Mali ya wote, na ugomvi wa wote pia. Baba alikuwa na muziki wa dansi wa zamani ambao hakuna mtoto aliyeutaka. Siku moja Kasuku akaingia katika folda yake akazibadilisha majina nyimbo zote, akaziita Kelele za Baba, na kabla ya chakula cha jioni zilikuwa Kelele za Baba katika kila mashine ya nyumba. Mzee wa watu akakaa wiki nzima akitafuta wimbo wa harusi yake.

Laptopu ya baba waliiita Bati. Ilikuwa nene, nzito, ya kelele, na ilikuwa na ugonjwa wake: ukiifunika hailali. Inaendelea kufanya kazi gizani, feni ikilia, mpaka uizime kabisa. Baba alitembea nayo garini ili asikilize muziki kati ya duka na duka. Alasiri akishaegesha ukutani, kabla hata hajapiga honi, Bati ilikuwa imeshaudaka mtandao wa nyumba kupitia ukuta, na taa ya kisanduku kule korido inaanza kuchezacheza. Mluzi alikuwa akiiona anapiga kelele, "Baba amefika, kisanduku kinamsalimia," na wanakimbilia mlangoni na dada yake kugombania mkate wa moto.

Kisha homa ikamwingia Mluzi kama mzaha. Wakamchua kwa dawa ya kafuri, wakampeleka hospitali, wakarudi naye, wakampeleka tena, na mara ya pili wakarudi bila yeye. Alikuwa bado na sauti ya kitoto.

Baada ya msiba mama alimwita kaka yake chumbani kwa mtoto. Katika folda ya Mluzi zilikuwemo nyimbo alizojirekodi mwenyewe na kipaza sauti alichopewa na mjomba: nyingine nzima, nyingine za kipuuzi, nyingine mluzi mtupu. Mama akamwambia, "Kaka, kisipotee kitu. Hata kikohozi chake kisipotee." Mjomba akakaa akaandika amri ndani ya kila mashine, moja baada ya nyingine, huku akijifuta pua kwa mkono wa shati: kitu chochote cha Mluzi kikikosekana kwenye kisanduku, na mashine moja ikawa bado inacho, kirudishwe. Na laptopu ya mtoto mwenyewe hawakuifunika. Mama hakuweza. Ikaachwa mezani imewashwa, kipaza sauti kimechomekwa, kiti kimevutwa kidogo nyuma, vile alivyopenda kukaa.

Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa mchana ule wa cherehani.

Mama hakumwambia mtu. Alifungua folda ya mwanawe akakuta nyimbo asizozijua. Jioni akaiangalia tena, hakuna jipya. Kesho yake, baada ya ile saa ya mchana ambayo mtaa mzima hunyamaza kwa joto, kulikuwa na wimbo mwingine. Alipopita korido kwenda kuchota maji, pua yake ikakutana na harufu ya kafuri karibu na kisanduku, kali, mbichi, kama mtu ametoka kuchuliwa sasa hivi. Akasimama pale na ndoo yake. Mwili ulimsisimka, ndiyo, lakini nisikufiche: uliosisimka zaidi ni moyo, na ulisisimka kwa furaha.

Akawa mtu wa kungoja. Wateja waliona fundi wao amechangamka, wakasema majonzi yameanza kumtoka. Kila siku baada ya saa ya joto aliufungua wimbo mpya akausikiliza ameinama kwenye spika, sauti ameipunguza ili Kasuku asisikie. Na miezi ilivyokwenda akagundua jambo jingine. Sauti ilikuwa inakua. Mwanzoni ilikuwa ile ya kitoto aliyoizika. Kisha ikaanza kukwaruza, inapanda na kushuka bila kupenda, sauti ya mvulana anayebaleghe. Mwanawe alikuwa anakua humo ndani. Mama gani angefunga mlango huo? Mimi siwezi kumlaumu, na wewe usimlaumu kabla hujamaliza.

Akachukua kitambaa kizuri kilichobaki kwenye kazi ya mteja, akakata suruali. Hakuwa na mtu wa kumpima, akakisia urefu kutokana na ile sauti. Akaishona vizuri, akaipiga pasi, akaitundika nyuma ya mlango wa Mluzi. Kasuku aliiona akauliza ni ya nani. Mama akasema ni ya mteja.

Lakini Kasuku aliuliza kwa sauti iliyokuwa imeanza kukwama. Mwanzoni watu walilifanya la utani. Mwalimu wake alisema darasa limepata kupumua. Baba alisema hatimaye betri imeisha. Kisha sauti ikazidi kufifia, na daktari akaangalia koo, akaangalia tena kwa taa, akasema haoni kitu, mtoto apumzishe sauti, anywe vitu vya uvuguvugu. Kasuku akavishwa skafu. Akawa anasema kwa mnong'ono, halafu akawa anasema nusu ya mnong'ono, na nyumba ile ikaanza kusikia vitu ambavyo haikuwahi kuvisikia, kama saa ya ukutani na bomba linalovuja.

Baba ndiye aliyegundua la pili. Kasuku alikuwa na mchezo wake wa kujirekodi akisoma taarifa ya habari ya nyumba: nani amevunja kikombe, nani amekoroma, nani ameficha mkate. Baba alizipenda taarifa hizo kuliko redio. Siku moja akiwa njiani akazifungua kwenye Bati, na zilikuwa tupu. Zipo zote, majina yapo, urefu ule ule, lakini ndani ni pumzi tu ya chumba kisicho na mtu. Alipofika nyumbani akauliza nani amezichezea. Kasuku akamvuta shati ainame, akamnong'oneza sikioni kwa shida, "Baba, sauti yangu iko kwa kaka. Nimejisikia nikicheka kwenye wimbo wake."

Baba alidhani ni homa. Akamgusa paji la uso, halikuwa na joto, akaenda kumtengenezea chai. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia. Usiku hakulala. Asubuhi akaufungua wimbo wa jana yake akausikiliza mpaka mwisho kabisa, na pale mwishoni, baada ya sauti nzito ya kijana kunyamaza, kulikuwa na kicheko kidogo cha msichana, kile cha kuanzia puani. Mama alikijua kicheko kile. Akaizima spika. Na bado, mchana ule, saa ya joto ilipopita, akaufungua tena. Alijiambia ni mara ya mwisho. Alijiambia hivyo siku kadhaa.

Kisha ikaja alasiri ya mvua. Mbingu ilikuwa imefunga tangu asubuhi, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza, friji ikanyamaza, taa ya kisanduku ikazimika. Kasuku alikuwa amejilaza sebuleni na skafu yake. Katika kimya hicho, kutoka chumba cha Mluzi, ukatoka mluzi.

Mama akasimama, akajiambia ni laptopu ya mtoto ina chaji, ni wimbo tu unajicheza, akaingia korido ambako harufu ya kafuri ilikuwa nzito mpaka ikamwasha macho, akapita chini ya kisanduku kilichokufa, akapita viatu, na kati ya viatu akaviona vile vya Mluzi alivyokuwa amevifunga kwenye mfuko juu ya kabati kwa mikono yake mwenyewe, vimekaa mlangoni pa chumba vikitazama ndani, akavipita navyo kwa sababu mluzi ulikuwa unaendelea na ulikuwa mluzi wa kumwita, ule wa mtoto anayetaka uje uone kitu, akasukuma mlango, akaona laptopu imefunikwa, yeye ambaye hakuwahi kuthubutu kuifunika, na kiti kimegeuzwa kuutazama mlango, na juu ya kiti ile suruali aliyoishona, si kwamba imetupwa pale, la, imekaa, imejaa, magoti yamekunjwa, pindo zimeishia mbali juu ya sakafu, na chini ya pindo hakuna miguu.

"Mama," ikasema sauti ya kijana, karibu kabisa, kwa upole. "Suruali imekuwa fupi. Niongezee."

Na jambo la kwanza alilofanya mama yule, Mungu amsamehe, ni kupeleka mkono shingoni kutafuta futi yake ya kupimia.

Alikuwa ameshapiga hatua moja kwenda kule kitini na futi mkononi aliposikia kishindo nyuma yake. Kasuku alikuwa amemfuata, ameanguka magoti kizingitini, macho yamemtoka, mdomo ameufungua wote, mishipa ya shingo imesimama, anapiga ukelele ambao hautoki. Na ukelele wenyewe ukasikika. Ulitoka kitini.

Futi ikamdondoka. Alimbeba mtoto akatoka naye mvuani bila viatu, na pale nje, kwenye ukuta, ndipo baba alipowakuta.

Alimweleza mumewe yote siku hiyo, wakiwa wamekaa ndani ya gari katikati ya makreti ya mikate, Kasuku amelala mapajani. Alieleza kuanzia cherehani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, na aliposema hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wewe umekuwa naye msimu wote huu?" Mama akaitika kwa kichwa. Baba akageuka akatazama maji yakishuka kwenye kioo. Baadaye akaomba asikilize wimbo mmoja, na Bati ilikuwa pale pale kwenye kiti, mtandao wa nyumba umerudi, nyimbo zote zimo. Akasikiliza mmoja, paji la uso kwenye usukani. Mama akamwambia inatosha, akaufunga. Hilo la kuufunga ulikumbuke.

Mjomba Waya ndiye aliyemleta Bi Mkunga. Huyu alikuwa mwanamke mzima aliyezalisha nusu ya mtaa, na alipostaafu akabaki na kazi ya pili ambayo watu waliisema kwa sauti ya chini. Alikuja asubuhi kweupe, na mkoba wa ngozi na miwani. Alisimama korido akanusa, akaingia chumba cha Mluzi akaiangalia suruali, sasa imelala sakafuni kama nguo nyingine yoyote. Akarudi sebuleni akaomba maji.

Akasema hakuna cha kuogopa zaidi ya walichokwisha kukiona. Yeye kazi yake ni kutoa, awe anaingia duniani au anafukuzwa, mikono ni ile ile. Akamgeukia mama akamwambia huyo si mwanawe. Mwanawe amepumzika, hajui lolote, hana njaa ya suruali. Huyo ni jini, mpita njia. Alipita akasikia nyumba inasema kisipotee kitu, akakuta kiti kimevutwa, mlango wazi, na sauti imetundikwa bila mwenyewe, akaivaa. Tatizo ni kwamba sauti ya mtoto haikumtosha. Ili akue alihitaji kula, na katika nyumba ile aliyejaa maneno alikuwa mmoja.

"Atamaliza lini?" baba akauliza.

"Akishamaliza sauti huanza pumzi," Bi Mkunga akasema.

Dawa aliyoitoa ilikuwa fupi. Folda yote ifutwe, na aifute mama kwa mkono wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema neno lile. Mama akauliza kama zile za kweli, zile za uhai wake, zingebaki. Bi Mkunga akatikisa kichwa.

"Hata mmoja?" mama akasema. "Mmoja tu, bibi. Nichague mmoja."

"Hata kikohozi, mwanangu. Atarudi kukaa humo humo."

Mjomba akaeleza upande wake, na safari hii hakutania. Ile amri yake iko ndani ya kila mashine, na lazima aiondoe moja moja. Kwa hiyo laptopu zote ziwekwe hapa mezani, zimefunguliwa, zifutwe kwa pamoja. Itakayokosekana, siku itakapoukuta mtandao wa nyumba, itarudisha kila kitu. Akazipanga: ya mama, ya Kasuku, ya Mluzi. Akauliza Bati iko wapi.

Baba akasema Bati ilishakufa. Iliingiwa na maji siku ile ya mvua, ameitupa kwa wauza vyuma. Hakuna aliyeshangaa. Bati ilikuwa ya kufa kila mwezi, na Mjomba mwenyewe alikwisha kuiandalia mazishi mara nyingi. Bi Mkunga alimtazama baba kwa muda, lakini baba alikuwa ameinama akimfunga Kasuku skafu, naye akaacha.

Mama akaomba asikie mmoja kwanza. Akaruhusiwa. Akachagua ule wa zamani kuliko zote, ambao kabla wimbo haujaanza mlango unasikika unafunguliwa, na mtoto anasema kwa hasira, "Mama usiingie, narekodi." Kisha kikohozi kidogo. Ukaisha. Mama akaweka kidole.

Spika ya dirishani ikaamka yenyewe. "Mama," ikasema, na haikuwa tena sauti nzito ya kijana, ilikuwa sauti ya Kasuku, ile yenyewe, ya mbio mbio, ambayo nyumba haikuwa imeisikia kwa muda mrefu. "Mama, ni mimi. Usinifute mama, nimefanya nini, mama nitanyamaza, sitaongea tena, naomba usinifute," na ikaendelea hivyo, ikilia, na Kasuku mwenyewe alikuwa ameketi palepale pembeni, mdomo umefungwa, anatetemeka, anatikisa kichwa, na mama alimtazama yule aliyekuwa bubu huku masikioni akimsikia akibembeleza, akageuka huku, akageuka kule, na harufu ya kafuri ikajaa sebule mpaka Mjomba akafunika pua, na Bi Mkunga akasema taratibu kwamba mtoto wako ni huyu unayemwona, mshike, na mama akaunyoosha mkono wa kushoto akaushika mkono wa Kasuku, ulikuwa wa moto na una jasho, na kwa mkono wa kulia akafuta.

Kimya. Mjomba akahesabu mashine, akazungukia kisanduku, akasema hakuna kitu. Taa ya korido ilikuwa imetulia. Mama alikuwa amesimama tu, amemkumbatia binti, na ilikuwa kama amezika mara ya pili, na safari hii jembe alilishika mwenyewe.

"Mama," mtu akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Unanikanyaga."

Wakacheka, wote, kwa kicheko kile kinachoishia kilio. Kasuku hakunyamaza tena siku ile mpaka usingizi ulipomkamata katikati ya sentensi. Walizifunika laptopu. Mama aliifunika ya Mluzi mwenyewe, akakirudisha kiti mezani, na suruali akaikata vipande vya kufutia mafuta ya cherehani.

Hapa ningemalizia. Lakini kuna baba.

Bati haikuwa imekufa. Ilikuwa chini ya makreti, imezimwa kabisa, imefungwa kwenye gunia la unga. Usimwone mbaya. Mkewe alipewa msimu mzima, yeye alipewa wimbo mmoja, tena ukafungwa haujaisha. Aliapa moyoni kwamba zile za uongo hatazigusa. Yeye alitaka wa zamani tu, ule wa usiingie narekodi. Kila alipomaliza kugawa mikate aliegesha mbali, upande wa pili wa mji, akaiwasha, akamsikiliza mwanawe akimfokea mama yake, akaizima kabisa, akaifunga gunia lake, akarudi nyumbani ameuosha uso. Na hakuna kilichotokea. Miezi ikapita na hakuna kilichotokea. Mtu akizoea hatari huanza kuiona ni samani.

Siku moja alasiri mama alikuwa kwenye cherehani. Spika ilikuwa ikipiga Kelele za Baba, maana jina lile halikubadilishwa tena. Kasuku alikuwa amekaa korido chini ya rafu akivua viatu vya shule, anasimulia kisa cha mwalimu wa hesabu aliyekalia chaki. Alikuwa anakisimulia kwa mara ya tatu na kila mara chaki inaongezeka ukubwa. Mama hakuwa anafuata kisa. Alikuwa anasikiliza sauti tu, ikiingia na kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijikuta anatabasamu peke yake.

Kasuku akaacha kisa kidogo. "Mama," akaita, "kisanduku kinachezesha taa. Baba amefika, kinamsalimia."

"Kamfungulie," mama akasema, na akaendelea na pindo.

Nje mlango wa gari ulifungwa. Baba alikuwa anashuka na mkate wa moto mkononi, macho mekundu; siku ile wimbo ulimzidi akalia, na badala ya kuizima Bati, aliifunika tu.

"Basi mwalimu akasimama," Kasuku akaendelea, "akageuka ubaoni, na sisi sote tunaiona ile chaki, halafu rafiki yangu aka—"

Mama akangoja amalizie. Harufu ya kafuri ikaingia kutoka korido. Akaondoa mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikaendelea kulia.